Kwa Mujibu wa Taarifa

Nimefanywa saa ya ukutani. Tangu mpwa wangu, binti wa dada yangu, aamue kwamba lazima akasomee sheria Marekani, simu yangu imeacha kupiga na kupokea. Kazi yake ni kuhesabu dakika 35 kurudi nyuma, na kazi yangu ni kuishika. "Mjomba, anza!" Naanza. Kuanzia hapo hakuna kukohoa, hakuna kuuliza chumvi iko wapi, hakuna mtu kukatiza mbele ya mwembe anakosomea. Juzi mke wangu alipita na beseni la nguo, akatazamwa kama mtu aliyepita na ngoma matangani.

Mtihani wenyewe unaitwa LSAT. Ulianza mwaka 1948, na hadi leo ndio unaowapitisha au kuwakwamisha wanaotaka kuingia vyuo vya sheria vya Marekani. Alama zake zinaanzia 120 na kuishia 180. Hapo nilimwomba arudie. Zinaanzia 120! Yaani mtu akilala, akakoroma, akaamka muda umekwisha, anakabidhiwa 120 zake aende nazo nyumbani. Mimi nilifanya KCSE ya Kenya kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule Turkana, chini ya bati linalochemka, na ukilala ulikuwa unaamka na E yako.

Tena nasikia wameondoa sehemu ambayo sisi watu wa Juba tungewashinda wote. Palikuwa na mafumbo ya kupanga watu: fulani asikae karibu na fulani, huyu atangulie yule, wale wawili wasipande gari moja. Wakayafuta Agosti 2024. Mtu ambaye amewahi kupanga viti vya mstari wa mbele kwenye arusi ya Juba, na majenerali wakafika zaidi ya viti, angeyafanya mafumbo hayo akiwa anakula. Lakini ndiyo dunia. Unachokijua ndicho kinachofutwa.

Sasa zimebaki sehemu mbili za kupima hoja, moja ya ufahamu, na moja ya majaribio isiyohesabiwa, ila hawakwambii ni ipi. Ya ufahamu ina vifungu vinne na maswali 27 hivi, kwa dakika 35. Ukigawa, kila kifungu kinapata dakika nane na sekunde 45. Mama chai wangu pale Kastom, kwa muda huo, maji hayajaanza hata kuimba.

Niliposikia neno ufahamu nilinyoosha shati. Ufahamu ni mali yangu. Kiswahili, Karatasi ya Pili: ufahamu alama 15, ndipo uje ufupisho. Nilikuwa nauvamia kama mchicha, mpaka lile swali la mwisho la kuipa taarifa anwani mwafaka. Mwalimu wetu alikuwa na maneno yake kabla ya kila mtihani: "Jibu limo humo humo, msilitafute kwingine." Miaka yote hii nilidhani alikuwa anatukataza kuchungulia kwa jirani.

Basi nikajitia kimbelembele. Nikamwambia mpwa wangu tufanye pamoja, atakayeshindwa ndiye atakayekuwa anakimbizana na tangi la maji mwezi mzima. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa wakati ule. "Sawa, Mjomba."

Tukakaa chini ya mwembe, mtaani kwetu Gudele, mwezi wa Machi. Anayeijua Juba ya Machi hahitaji maelezo. Kwa asiyeijua, Machi ya 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto, vipimo vikitazamiwa kufika nyuzi 45. Jenereta la jirani lilikuwa linanguruma upande wa kulia. Upande wa kushoto kulikuwa na mtoto anayefundishwa kuhesabu kwa sauti na ambaye hakuwahi kuvuka saba.

Kifungu cha kwanza kilitungwa na kijana anayeongoza kikundi cha kusoma cha mpwa wangu, kwa kuiga mtindo wa mtihani. Kilihusu ardhi oevu. Mtaalamu mmoja anasema kinamasi kikikaushwa maji ya mto yanaongezeka, na mkulima aliye chini anafaidi. Mwingine anasema samaki watakufa na malisho yatapotea. Mwandishi anazunguka aya nne akimpa huyu kidogo na yule kidogo. Nilicheka peke yangu. Jamani, mimi ndiye wa kuulizwa kinamasi?

Mimi ni mtoto wa kinamasi cha Sudd. Baba yangu alikufa akiusimulia Mfereji wa Jonglei. Walianza kuuchimba mwaka 1978 ili maji ya Nile yapite kando ya kinamasi, yafike Khartoum na Kairo kabla jua halijayanywa. Mtambo uliletwa kutoka Pakistani, una gurudumu la ndoo lenye kimo cha ghorofa. Vita vikausimamisha mwaka 1984, ukiwa umekwisha kula zaidi ya kilomita 200 kati ya 360. Hadi leo umelala porini, kutu tupu. John Garang mwenyewe, kabla hajaingia msituni kuongoza vita hivyo, alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu maendeleo ya eneo hilo hilo la Jonglei, Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, mwaka 1981. Ukiniuliza habari za kinamasi umeniuliza habari za ukoo.

Swali la nne: mwandishi angekubaliana zaidi na kauli ipi? Nikachagua B, "Kukausha kinamasi huleta madhara siku zote." Nilikoza duara mpaka karatasi ikatoboka. Jibu sahihi lilikuwa D: "Ushahidi uliopo bado hautoshi kuamua."

"Hautoshi?" Nilisimama. "Mtambo mzima umelala porini tangu 1984, halafu hautoshi?"

"Mjomba, mtambo haumo kwenye kifungu."

"Haumo kwenye kifungu lakini upo Jonglei!"

"Kwa mujibu wa taarifa," akasema taratibu, kama anayemsemesha mgonjwa, "hakuna Jonglei."

Hakuna Jonglei. Jimbo zima, na ng'ombe wake, na babu zangu, limefutwa kwa dakika nane na sekunde 45. Nikamgeukia mke wangu aliyekuwa anaanika nguo, nikamsomea kifungu chote kwa sauti, nikimtafsiria, ili apatikane shahidi. Akakamua shuka, akalining'iniza, akasema, "Si huyo mwandishi mwenyewe hajui?"

D. Kutoka kwenye kamba ya nguo.

Nikamaliza na majibu manane sahihi kati ya 27. Mpwa wangu, kwa upole wa kikatili walio nao vijana waliosoma, akanieleza kwamba mtu aliyefumba macho na kuchagua C kuanzia mwanzo hadi mwisho angetarajia kama matano. Kwa hiyo elimu yangu yote, na Kakuma, na miaka kumi na tisa ya kuweka vitabu vya hesabu vya watu, imenizidishia majibu matatu juu ya kipofu. Yeye alipata 22. Tangi la maji likawa langu.

Tangu siku hiyo ananifundisha, nami nafundishika kwa kunung'unika. Kosa langu la kwanza, anasema, ni kalamu. Mimi napiga mstari chini ya kila kitu kinachoonekana cha maana, na kwa kuwa nimelipia kalamu, kila kitu kinaonekana cha maana. Karatasi yangu ilikuwa kama imevuja bluu. Yeye pembeni mwa aya nne alikuwa ameandika maneno manane tu: wa kwanza anataka, wa pili anakataa, mwandishi anasita. Basi. Tarakimu na majina hayabebi kichwani. Anajua tu yamekaa aya gani, akiulizwa anarudi kuyachukua, kama mtu anayejua sufuria liko rafu ipi. Nilimwambia huo ni uvivu. Akasema ndiyo, ni uvivu uliopangwa.

Kosa la pili ni kwamba napenda majibu yanayopiga kelele. "Siku zote", "kamwe", "pekee", "wote bila kubagua": nikiyaona hayo moyo unaniambia huyu ana uhakika, mfuate. Kumbe ndiyo mitego. Mwandishi wa vifungu hivi ni mtu mwoga, haapi. Anasema "huenda", "kwa kiasi fulani", "inaelekea". Sasa mtu aliyekulia hapa atamwaminije mtu wa namna hiyo? Nenda mzunguko wowote wa Juba utafute bodaboda. Anayesema "inaelekea naijua hiyo njia" utampanda?

Lingine ni kwamba nisiangalie machaguo matano kabla sijajijibu mwenyewe kimoyomoyo. Hili nililielewa haraka kwa sababu ndivyo Konyo Konyo ilivyo. Ukiingia sokoni hujui unachotaka, unatoka na beseni la plastiki, taulo lenye picha ya simba, na kilo mbili za kitu ambacho nyumbani hakuna anayekila. Ukiingia unataka bamia, unanunua bamia. Lakini kuna majibu yaliyotengenezwa makusudi yafanane na bamia yako: nusu ya kwanza sahihi kabisa, nusu ya pili imeoza. Ni samaki mwenye macho maangavu na tumbo lililochina. Lazima umgeuze, na kumgeuza kunahitaji muda, na muda niliushika mimi mwenyewe mkononi ukiwa unakwisha.

Mahali pamoja tu niling'ara. Alisema nikifika kwenye "lakini" au "hata hivyo" nisimame, kwa sababu hapo ndipo mwandishi anapoanza kusema alichokuja kukisema. Nikamwambia binti, hilo nimelijua kabla hujazaliwa. Mwajiri akianza na "Tunathamini sana mchango wako", mimi huwa nasubiri tu "lakini" yake kama mtu anayesubiri basi.

Nimelifikiria sana hili suala, na muda wa kufikiri ninao, maana simu sina. Nadhani tunaonewa. Mtihani huu unakutaka uamini kilichoandikwa na usiongeze kitu. Sisi tumelelewa kinyume chake, kwa faida yetu wenyewe. Fundi wa bomba akisema "bukra", kwa mujibu wa taarifa atakuja kesho. Nani Juba aliwahi kungoja fundi kesho yake? Tunajua bukra ni heshima, ni namna ya kumaliza maongezi bila kuumizana. Ofisini ukiambiwa karatasi yako iko mezani kwa mkubwa, husomi meza, unasoma uso wa anayekwambia. Katiba yetu ni Katiba ya Mpito ya mwaka 2011, na bado tunaitumia. Kipindi cha mpito kilichoanza Februari 2020 kwa mujibu wa makubaliano ya amani ya 2018 kilikuwa cha miezi 36. Hesabu fanyeni wenyewe. Mtu anayesoma neno "mpito" kwa mujibu wa taarifa, hapa atapata presha.

Na lugha nayo. Tulipopata uhuru, Kiingereza kikatamkwa kuwa lugha rasmi ya kazi. Mahakimu waliosomea sheria Khartoum kwa Kiarabu wakakuta wanatakiwa kusoma sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza, kumsikiliza shahidi anayesema Kiarabu cha Juba au Kibari au Kidinka, kisha waandike hukumu. Huo ni mtihani wa ufahamu wa maisha, na hakuna aliyewapa 120 za kuanzia. Sisi wa Kakuma tulirudi na Kiswahili mgongoni hata kabla nchi haijaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Mpwa wangu anasoma kifungu kwa Kiingereza, anabishana nami kwa Kiswahili, anamjibu mama yake kwa Kidinka, na akikasirika anamalizia na Kiarabu cha Juba: kalas. Nilipomweleza kwamba sisi tuna lugha nne na Mmarekani ana moja, kwa hiyo tuongezewe muda, alisema hoja yangu ina kasoro mbili, akazitaja.

Anayedhani mitihani migumu ya sheria ni ya Marekani tu aulize Tanzania. Mwaka 2022 matokeo ya Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo wenyewe wanaiita Law School, yalionyesha waliofaulu moja kwa moja ni 26 kati ya 633. Nchi nzima ikashika kichwa, ikaundwa kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Kila mtu baa akawa mtaalamu wa elimu ya sheria. Nilimtumia mpwa wangu habari hiyo ili kumtisha kidogo. Akaniuliza: waliobaki wote walifukuzwa, au wengine walipewa nafasi ya kurudia? Nikasoma tena. Kweli, wengi wao walikuwa wa kurudia. Sikuwa nimefika aya hiyo.

Sasa niseme lililoniuma.

Mimi na mwenye nyumba tuna ugomvi wa miaka miwili. Mkataba unasema kodi italipwa kwa dola za Marekani "au thamani yake kwa pauni za Sudan Kusini". Mimi nadai thamani ya benki. Yeye anadai thamani ya wale vijana wenye mabunda ya noti barabarani. Katikati ya bei hizo mbili ndipo ada za watoto wangu zinapopotelea. Mwezi uliopita bati likavuja, nikamwandikia aje alitengeneze, akanijibu kwa ujumbe mrefu wa WhatsApp wenye hasira na Biblia ndani yake.

Mpwa wangu akauona ujumbe, macho yakang'aa. Tangu mwaka 2007, akasema, kimojawapo cha vile vifungu vinne huwa kimegawanywa viwili, A na B, waandishi wawili juu ya jambo moja, na unaulizwa wanakubaliana wapi na wanaachana wapi. "Tufanye huu, Mjomba. Mkataba ni A, ujumbe ni B." Njia yake ni kusoma A peke yake kwanza na kumalizana nacho, kisha B, ili sauti zisichanganyike. Nikaona sawa. Nilikuwa na hakika ya ushindi, nikaleta mkataba kutoka kwenye sanduku la bati, umefungwa kwenye nailoni pamoja na vyeti vya ubatizo.

Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mimi wa tatu sikuwahi kuuona. Nilitia sahihi wa pili kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amesimama na watu wengine wawili wanaoitaka nyumba ile ile walikuwa getini.

"Kuhusu dola," akasema, "bei ya benki au ya mtaani, haijatajwa popote. Si hapa, si kwenye ujumbe wake."

"Kwa hiyo nani ana haki?"

"D."

"D gani?"

"Kilichoandikwa hakitoshi kuamua."

Miaka miwili ya kelele, na wazee wawili wa mtaa tulishawaita, na soda nilinunua mimi.

"Na bati?"

Akakaa kimya kidogo, akageuza karatasi ili nione mwenyewe. Ukurasa wa tatu, mstari wa nne kutoka chini, maandishi madogo: mpangaji atagharimia matengenezo yote ya paa. Halikuwepo "huenda". Halikuwepo "kwa kiasi fulani". Nikasoma mara mbili, nikatafuta "lakini" baada yake, haikuwepo. Nikamwambia kwamba hata hivyo tunajua desturi, kila mtu Juba anajua paa ni la mwenye nyumba. Hakujibu. Alinitazama tu, nami nikasikia Jonglei ikifutika mara ya pili.

Na lile fungu la Biblia katika ujumbe wa mwenye nyumba, nilipolirudia, lilihusu mtu kutimiza alichoahidi. Mimi nilikuwa nimelisoma kama tusi.

Bati nimeshanunua. Limekaa ukutani pale linasubiri fundi, ambaye amesema bukra.

Mtihani wenyewe mpwa wangu ataufanyia Nairobi, atakakofikia kwa shangazi yake, kwenye kompyuta. Sharti ni utulivu, msimamizi akikutazama, asiingie mtu. Kwetu tuko kumi na mmoja, mlango wa chumba cha wageni haufungi, na mbuzi hana adabu ya kubisha hodi. Mpaka siku ya safari tutaendelea chini ya mwembe, yeye akisoma na mimi nikiwa saa. Kiasi nami naendelea: jana nilipata majibu 12, na moja lilikuwa la kifungu cha nyuki, ambao namshukuru Mungu sijui lolote juu yao.

Ila kuna jirani, upande wa kulia, mwenye jenereta. Najua unasoma safu hii kwa sababu huwa unaniazima gazeti na hulirudishi. Ndugu yangu, kuanzia saa kumi na moja jioni, kwa dakika 35, tuzimie. Nimeandika dakika 35. Sikuandika siku zote. Kabla hujaja getini kugomba, rudi juu usome tena.